Udongo wa Tanuri na Mapanga ya Turbini

Ndege ya abiria inaposhuka katika kiwanja cha Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria, mtazamaji huiona rafadha ikizunguka, na aghalabu hudhani kuwa injini iliyo nyuma yake ni ndugu ya injini ya lori. Sivyo ilivyo. Rafadha hiyo huzungushwa na turbini ya gesi: hewa hushindiliwa, mafuta huwashwa ndani yake, na gesi ya moto huyasukuma mapanga madogo ya metali. Mitambo ya jamii hiyo hiyo, mikubwa zaidi, huzalisha umeme Ubungo na Kinyerezi kwa gesi asilia.

Kadiri gesi inavyozidi joto, ndivyo mafuta yale yale yanavyotoa kazi zaidi. Hapo ndipo penye mgogoro. Katika injini kubwa za kisasa gesi hupita nyuzi 1,500 za sentigredi, ilhali nikeli, iliyo msingi wa aloi za mapanga hayo, huyeyuka kwa nyuzi 1,455. Panga huokolewa na hewa ipitishwayo ndani yake kulipoza, na utandu wa kauri upakwao juu, ambao kwa kawaida haufikii unene wa milimita moja. Kauri hiyo ni zirkonia iliyotiwa itria kidogo, asilimia 7 au 8 kwa uzito.

Kupata kauri isiyoyeyuka si tatizo. Zirkonia huhimili hata nyuzi 2,500. Kazi ni kuifanya idumu. Metali hutanuka kuliko kauri, hivyo kila injini inapowashwa na kuzimwa tabaka hizo mbili huvutana, na mwishowe utandu hubanduka. Adui mwingine ni vumbi. Likivutwa ndani ya injini yenye joto kali huyeyuka, likawa kama kioo, likapenya katika vitundu vya kauri. Injini ikipoa, kioo huganda na kauri hukakamaa na kupasuka. Watafiti sasa huongeza tabaka la zirkonia yenye gadolini, ambalo huungana na kioo hicho na kufanya fuwele zinazoziba njia.

Mwalimu wa Kagera atakayelifundisha jambo hili kana kwamba ni la ughaibuni tu atakuwa amewapunja wanafunzi wake. Huko Katuruka, karibu na Maruku, na Kemondo, kwenye njia ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, yamefukuliwa mabaki ya matanuri ya chuma ya kale mno. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya, waliokuwa wameiacha kazi hiyo miongo kadhaa, wajenge tanuri tena. Habari zake zilichapishwa katika jarida la Science mwaka 1978. Wazee walilikandika shimo kwa udongo wa kichuguu, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani ya moto, na kuvukuta.

Kilichovuma ni dai kwamba hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa, dai ambalo wataalamu wengine wamelipinga. Ubishi huo umeifunika mirija yenyewe, nayo ndiyo yenye faida zaidi darasani. Ncha zake ziliyeyuka na kuliwa na mavi ya chuma, kama vumbi lililoyeyuka linavyoula utandu wa turbini. Mrija haukutakiwa kudumu milele. Ulitakiwa kudumu hadi chuma kipatikane, na mhunzi alipaswa kujua ni udongo upi utakaofika hapo.

Itasemwa kuwa shule hazina vifaa, na mtihani hauulizi habari za vichuguu. La pili ni kweli, na ni aibu kwa mtihani. La kwanza halina uzito. Maabara kubwa hupima uimara wa utandu kwa kupasha kipande moto, kukipoza, na kurudia hadi utandu ubanduke. Kidato cha tatu Muleba kinaweza kufinyanga vigae vya udongo wa kichuguu, wa bondeni na wa shambani, kuvichoma katika jiko la mhunzi, na kuhesabu ni mara ngapi kila kimoja huvumilia kabla ya ufa wa kwanza. Hilo ni jaribio la sayansi kamili. Nalo lina haraka yake: nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, katika mkoa huo huo, iliwekewa mkataba wa uchimbaji mwaka 2021, na vijana wa Kagera wanastahili kuelewa metali hiyo hutakiwa kwa kazi gani.

Mavi ya chuma ya Katuruka yasiokotwe kwa majaribio hayo, kwani ni kumbukumbu. Mchanga laini uliochanganywa na majivu ya maganda ya ndizi, yenye potasi nyingi, unatosha kupakwa juu ya kigae. Jiko likivukutwa barabara mchanganyiko huo huanza kuyeyuka kama kioo, na mwanafunzi ataona mwenyewe ni udongo upi unaoliwa upesi.