Hila ya utani kwa rafiki mbishi

Wapo marafiki ambao nasaha huwaendea kinyume: ukimwambia njoo, hukaa, ukimwambia kaa, huondoka. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, aliandika juu ya tabia hii mwaka 1966. Alieleza kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unanyang'anywa, hushikilia kile alichokatazwa au hukataa kile alichohimizwa, ili aurejeshe uhuru wake.

Tunaye rafiki wa namna hiyo, mchuuzi wa samaki kati ya Mwigobero, hapa Musoma, na Bunda. Ameturuhusu kuyaandika haya kwa sharti kwamba tusimtaje jina. Kwa miezi kadhaa alilalamikia tumbo, na mara mbili aliona damu katika choo kikubwa. Sisi wakazi wa kando ya Ziwa Victoria hatuhitaji kuambiwa ugonjwa unaoshukiwa hapo: kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya mwenye kuoga au kusimama ziwani, na ugonjwa usipotibiwa huweza kuharibu ini. Kipimo chake si kigumu, na dawa yake, prazikwanteli, kwa kawaida humezwa mara moja tu. Hata hivyo mkewe alimsihi, sisi tukamsihi, mjomba wake akampigia simu kutoka Butiama; kila nasaha ilizidi kumfunga.

Jioni moja, tukiwa naye faragha, tukabadili njia. "Ndugu yetu, leo tumekoma. Hatutakusihi tena, mwenye uamuzi ni wewe. Ila inatushangaza: mtu anayebeba tenga la sangara peke yake, anaogopa kikopo cha kupimia choo!" Akacheka sana, akatuita wachokozi. Kesho yake alikwenda kituo cha afya, akakutwa na kichocho, akameza dawa.

Wasomaji wetu, hila hii ni tamu, lakini ina ncha kali. Wazee husema mtoto akililia wembe, mpe; nao wembe hukata. Lau tungemwambia rafiki yetu kwamba hana ugonjwa na asiende, ungekuwa uongo. Na je, kama angetuamini? Basi kipimo cha utani huu ni kimoja: mwenzako akilichukua neno lako kama lilivyo, hatadhurika?

Mtume, rehema na amani zimshukie, alitania, lakini hakusema ila kweli. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akajibiwa kwamba atapandishwa juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu alishangaa, atamfanyia nini mtoto? Naye akakumbushwa kwamba kila ngamia ni mtoto wa ngamia. Wakati mwingine, maswahaba walipochukua kamba ya mwenzao aliyelala naye akashtuka, Mtume aliwafundisha kwamba si halali Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake.

Majumbani tahadhari ni kubwa zaidi. Babu na mjukuu wana utani wao, lakini mtoto mdogo anayeambiwa kila siku kwamba hawezi kusoma, ili apandishwe hamasa, huenda akaamini kweli kwamba hawezi. Mume anayemwambia mkewe "rudi kwenu" ili abembelezwe, ajue kwamba mke ana miguu na mabasi yapo. Ama talaka, hiyo haina mzaha kabisa: imo katika mambo matatu ambayo Mtume alitufundisha kuwa mzaha wake ni kweli, pamoja na ndoa na kumrejea mke.

Mtanieni rafiki mnayemjua, mkiwa faragha, kwa neno la kweli. Hila isipofaa, msiirudie mpaka ikawa kejeli, kwani mzaha mzaha hutunga usaha. Iacheni, mshikeni mkono, mwende naye.