Tunameza Dawa, Bado Tunaumwa: Ilani ya Wagonjwa wa Thairoidi

Sisi ni watu ambao tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, imedhoofika au haipo tena. Wengine imeharibiwa na kinga ya mwili wetu wenyewe, ugonjwa alioueleza daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Wengine tulipasuliwa rovu, wengine tulitibiwa kwa iodini ya mionzi. Wengi wetu ni wanawake. Sote tunameza levothairoksini, na karibu sote tutaimeza mpaka mwisho wa maisha.

Na bado tunaamka tumechoka kuliko tulivyolala. Tunajifunika shuka wenzetu wakijipepea. Nywele zinabaki kwenye kitana, choo ni kigumu, jina la jirani tunalitafuta kichwani halipatikani. Tukirudi hospitali, homoni ya TSH inapimwa kwenye damu, inaonekana iko ndani ya kiwango, na tunaambiwa: "Vipimo viko sawa, mama." Mazungumzo yanaishia hapo. Umoja huu tunauanzisha ili yasiishie hapo.

Dawa hatuikatai. Mpaka mwaka 1891, George Murray wa Newcastle, Uingereza, alipoanza kumdunga mgonjwa wake maji ya tezi ya kondoo, ugonjwa huu ulikuwa ukiwadidimiza watu polepole hadi kufa. Yule mgonjwa aliishi miaka 28 zaidi. Basi anayetushawishi tutupe vidonge tunywe mizizi au unga wa mwani anatuweka hatarini, na tutamwambia hivyo waziwazi. Iodini iliyo kwenye mwani ikizidi huweza kuidhoofisha zaidi tezi ambayo tayari ni mgonjwa.

Tunachokataa ni kipimo kimoja kupewa neno la mwisho. TSH hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na hueleza kama tezi hiyo imeridhika na homoni iliyo kwenye damu. Ni kipimo kizuri, lakini hakipimi uchovu. Dawa tunayomeza ni homoni ya T4, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika baada ya mwili kuigeuza kuwa homoni ya T3. Mwaka 2012, miongozo ya Chama cha Thairoidi cha Ulaya ilikiri kwamba asilimia 5 hadi 10 ya wanaotumia T4 hubaki na dalili hata TSH ikiwa sawa. Hao ndio sisi. Hatujayabuni maumivu yetu.

Kabla mtu hajaambiwa kwamba tatizo ni mawazo, aulizwe kwanza dawa anaimezaje. Swali hili halihitaji mashine wala fedha, na ndilo tunalolikosa zaidi. Levothairoksini hutaka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Wangapi wetu tunaisukuma kwa chai ya maziwa alfajiri, tukikimbilia daladala au matatu? Kahawa nayo huipunguza nguvu. Mama mjamzito hupewa kliniki vidonge vya kuongeza damu, akarudi nyumbani akavimeza pamoja na levothairoksini kwa mkupuo mmoja. Madini ya chuma yaliyo ndani ya vidonge hivyo huikamata dawa tumboni isiingie mwilini, na kalsiamu hufanya vivyo hivyo. Vitenganishwe kwa muda wa saa nne. Huyu mama ndiye wa kuangaliwa kwa karibu kuliko wote, kwa sababu ujauzito hupandisha mahitaji ya homoni, na mtoto aliye tumboni anamtegemea. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo nazo huweza kuizuia levothairoksini, kwa hiyo pia zitajwe kwa daktari.

Kisha joto. Pakiti nyingi huandikwa dawa ihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Nyumba ya bati Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari haijui nyuzi 25. Vidonge vinavyokatwa na kutiwa kwenye bahasha ya kaki, bila tarehe wala jina la kiwanda, vinatuacha gizani: hatujui vimekaa wapi, wala kama mwezi huu ni vya kiwanda kingine. Tunawaomba wafamasia watuuzie pakiti nzima na watuambie wanapobadilisha. Wanaofunga Ramadhani waelezwe mapema kwamba dawa inaweza kumezwa usiku wakati wa kulala, muda wa saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho, badala ya kila mtu kujikisia.

Dozi ikibadilishwa, tuwe na subira ya wiki 6 hadi 8 ndipo tupime tena, maana T4 hukaa mwilini muda mrefu. Na asijiongezee mtu. Dozi ikizidi, moyo huweza kupoteza mapigo yake ya kawaida na mifupa kudhoofika.

Hayo yote yakiwa sawa na mtu bado anaumwa, atafutwe ugonjwa mwingine: upungufu wa damu, upungufu wa vitamini B12, kisukari, sonona, kukoma hedhi, kukatika pumzi usingizini. Aliyekonda, anayezimia akisimama na anayetamani chumvi achunguzwe tezi zilizo juu ya figo, haraka.

Kuhusu kuongeza vidonge vya T3, tutasema kweli hata isipopendeza. Tafiti kwa jumla hazikuonyesha kwamba mchanganyiko huo unashinda T4 peke yake. Wapo wagonjwa walioupendelea. Tunadai aliyepitia hatua zote na bado yuko vibaya apate kusikilizwa na bingwa wa homoni, na apewe jaribio la mchanganyiko huo lenye mwanzo, vipimo na mwisho. Wajawazito wasihusishwe.

Kazi yetu ya kwanza ni kadi. Kila mwanachama ataandika dozi, jina la kiwanda, saa ya kumeza, alichokula baada yake, dawa nyingine, matokeo ya TSH pamoja na tarehe, na dalili tatu zinazomsumbua zaidi. Ataiweka mezani kwa daktari kabla ya kusema lolote. Asiyeweza kuandika ataandikiwa na mwenzake, na anayeogopa kuingia peke yake atasindikizwa. Kadi za wanaokubali tutazikusanya bila majina na kuzipeleka kwa wanaopanga dawa za zahanati na hospitali zetu. Anayetaka kujiunga aje na pakiti yake ya dawa. Tutaanza kwa kuisoma pamoja.