Kubadili Oili ya Gari la Mazutu

Katika mji wetu wa Goma ziko jamaa nyingi zinazokula kwa jasho la gari moja. Mara nyingi ni gari kuukuu la mazutu, lenye kuchukua viazi na kabichi, au abiria wa njia ya Sake. Injini yake ikifa, karo ya watoto imekwisha. Basi leo tutazame kazi moja ndogo ambayo wengi huichelewesha.

Injini ya namna hii ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, naye aliikamilisha mjini Augsburg mwaka 1897. Haihitaji cheche kama ile ya petroli: hewa hushindiliwa hata ikawa moto mkali, ndipo mazutu hunyunyizwa ndani na kuwaka. Moto huo huzaa masizi, nayo huingia katika oili. Ndiyo sababu oili mpya huwa nyeusi upesi. Weusi huo peke yake si ubaya. Ni alama kwamba oili yachukua uchafu. Lakini ikishiba uchafu huwa nzito, haipiti vema, na vyuma husagana.

Nasi tunaishi juu ya mawe ya volkano. Vumbi lake ni kali, na njia zetu ni za kupanda na kwenda polepole. Kwa gari kuukuu, tusipitishe kilometa 5,000 pasipo kubadili; kitabu cha gari kikitaja chache zaidi, tukifuate.

Kazi yenyewe ni hii. Gari lisimame mahali palipo sawa, magurudumu yazuiwe kwa mawe. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Injini iwashwe dakika chache ili oili ilainike, kisha izimwe. Tufungue skrubu ya chini na kuacha oili itiririke yote katika beseni. Tujihadhari, maana huunguza. Tutoe chujio la zamani, tupake oili mpya kwenye mpira wa lile jipya, na kulikaza kwa mkono. Turudishe skrubu, ndipo tumimine oili mpya. Tuwashe injini, tuangalie kama panavuja, tuizime, tungoje kidogo, kisha tupime kwa kijiti: oili iwe kati ya alama mbili, wala isipite ile ya juu.

Dukani, tusome kopo. Penye alama za API, herufi C, kama CF-4 au CI-4, ni ya injini za mazutu. Herufi S ni ya petroli. Kopo ambalo kifuniko chake kimekwisha kufunguliwa tuliache.

Oili iliyotoka nayo ina habari zake. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa imeongezeka na kunuka mazutu, mazutu yanavuja ndani. Ikiwa na chembe za chuma, fundi aitwe kabla ya safari nyingine.

Limebaki neno kubwa. Wengine humwaga oili chafu kwenye mawe nyuma ya nyumba, wakidhani imepotea. Haikupotea! Mawe yaliyoletwa na Nyiragongo mwaka 2002 yana matundu na nyufa. Oili hushuka ndani yake, na mvua huisukuma mbele. Ziwa Kivu liko pale chini, na katika ziwa hilo watu wa Goma huteka maji ya kunywa. Basi oili chafu itiwe katika dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, ipelekwe kwa fundi anayeikusanya. Isipakwe kwenye vidonda, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Mwisho, tuandike tarehe na kilometa katika daftari. Akili husahau, daftari halisahau. Na gharama ya makopo machache ya oili ni ndogo sana kuliko bei ya injini.