Ndoana ndogo, mshipi mwembamba

Vijana wa Kibera wakitamani kuvua, macho huenda kwanza kwenye Bwawa la Nairobi. Lilijengwa 1953 kwa ajili ya maji ya kunywa. Siku hizi magugu maji yamelifunika na maji taka yanaingia. Kambare huvumilia uchafu huo kwa kuwa hupanda juu kuvuta hewa, ila uvumilivu wake si cheti cha afya kwenye sufuria yako. Badala yake, panda matatu uende mabwawa ya kuvua kwa kulipia. Ufito wa mwanzi watosha. Fimbo za mashine za bei kali ni mapambo, kwa maoni yangu. Tilapia ana mdomo mdogo, basi chagua ndoana ndogo, uivike kipande cha nyungunyungu, wala si mzima, la sivyo atamega pembeni na kukuachia chuma kitupu. Chelezo kata kwenye kandambili iliyochakaa, chubwi liwe jepesi, na usivute chelezo kinapotikisika, ngoja kizame. Ukirudi mikono mitupu, akina mama wa Kawangware bado wanakaanga samaki wa mgongo wazi jioni, na hakuna atakayekuuliza umewatoa wapi.