Seva kuukuu nyumbani: Diski kwanza, nguvu baadaye
Na Mwandishi Wetu, Masasi

MALIPO ya korosho yanapoingia, mwenye seva kuukuu nyumbani, awe Masasi au Newala, hushawishika kununua prosesa yenye nguvu. Hata hivyo, kuhifadhi picha za harusi na sauti za wazee hakuhitaji nguvu hiyo.

Mashine ya wati 100 ikiwaka usiku na mchana humaliza uniti 876 za umeme kwa mwaka. Ya wati 20 humaliza takriban 175. Akiba hiyo isaidie kununua diski mbili mpya na betri ya kuikinga seva umeme unapokatika ghafla.

Lakini diski zinazoigana haziokoi faili lililofutwa kimakosa, wala hazizuii mwizi. Nakala ya tatu ikae kwa ndugu: wa Masasi aipeleke Newala, uwandani.