Kisii si Kukisia

Juzi nilialikwa kwenye siku ya tuzo katika shule moja ya upili karibu na Keroka. Mgeni wa heshima, akiwa ameshashiba kuku na chinsaga, alitushauri wazazi: mtoto akikutana na neno gumu la Kiingereza katika hadithi, asiguse kamusi. Akisie tu, muktadha utamwambia. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikunja mikono.

Jioni nilimketisha mpwa wangu wa kidato cha tatu na kitabu chake. Mzee amesimama mlangoni, ameegemea fimbo, na mwandishi anamwita "gaunt".

"Maana yake?"

"Mkali, mjomba. Si ana fimbo?"

Jibu lenyewe limekaa sawasawa! Ila "gaunt" ni aliyekonda hadi mifupa ya uso ikatokeza. Mzee alipopewa uji, kijana wangu aliona wenye nyumba wanamwogopa.

Muktadha ni kama matatu ya Keroka, haukatai abiria. Leta "mkali", atapata kiti. Leta "mchovu", "tajiri", "kipofu", watabanana humo humo na makanga hashushi mtu.

Dada yake alifanya KCSE 2021, enzi za A Doll's House ya Ibsen. Nora anaficha "macaroons" mfukoni. Binti akaona makaroni. Muhula mzima alikuwa na mke wa mkubwa wa benki aliyeshindilia tambi ndani ya gauni, na muktadha ukamsogezea kiti. Kumbe ni vibiskuti vya lozi. Angekisia lozi kutoka wapi, kwenye majani chai ya Nyamira?

Mzazi aliyeketi kando yangu alininong'oneza eti kamusi ni nzito kubeba. Nzito! Mtoto huyo huyo siku ya kufungua shule anaburuta sanduku la bati, godoro, ndoo na jembe.

A. S. Hornby alitunga kamusi ya wanafunzi iliyochapishwa Tokyo mwaka wa 1942, kwa ajili ya Wajapani, watu wasiozaliwa na Kiingereza kama sisi. Mbona hakuwaambia wakisie, yeye akalale?

Halafu matokeo ya KCSE yakiwa mazuri, kama yale ya 2022, nchi nzima inapiga kelele kwamba sisi wa Gusii tumeiba mtihani, hadi wabunge wanaketi kuchunguza. Bado hilo linanikera. Na ndani ya kelele hizo hizo, wakubwa wetu wanapanda jukwaani kuhubiri kubahatisha!

Basi nikashuka soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, nikapata kamusi ya mtumba kwa shilingi 150. Haina jalada, na herufi A yote imeng'oka. Mpwa wangu akafungua G, akateremsha kidole polepole, akasoma, kisha akainua macho.

"Mjomba, kumbe mzee alikuwa na njaa?"

Akarudi mwanzo wa hadithi.