Wasifu wa mwanao usiuachie steshenari

Siku hizi ni nyumba chache zisizo na kijana aliyemaliza chuo na bado yupo yupo tu. Vyeti vimo ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati. Ameomba kazi hadi amechoka, na kila jioni akiulizwa, "Vipi, hawajakujibu?" anainuka na kwenda chumbani kwake. Mzazi anaona mtoto hajitumi. Mtoto anaona mzazi hamwelewi. Ugomvi wa namna hii hauna kelele, lakini unaweza kukaa ndani ya nyumba miezi na miezi.

Ajira ni chache, hilo hakuna wa kulibisha. Wasifu, au CV kama wengi wetu tunavyouita, hauwezi kuzalisha nafasi ambayo haipo. Lakini nafasi inapotokea, karatasi ndiyo inayotangulia kufika. Mwajiri hajui kijana wako alivyolelewa, wala hajui kwamba ndiye anayeamka saa kumi na moja alfajiri kumsaidia mama yake kufungua genge. Anachokiona ni kurasa mbili. Na mara nyingi kurasa hizo zimeandikwa na mtu wa steshenari aliyefungua wasifu wa mteja aliyepita, akabadilisha jina na namba ya simu, akachapa.

Matokeo yake tunayajua. Waombaji ishirini wote "ni wachapakazi, wanaweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa". Wote wanapenda kusoma, kusafiri na kutazama mpira. Mwajiri akishasoma watatu wa namna hiyo, wa nne hamsomi tena.

Mwajiri anatafuta nini

Anayeajiri ana maswali matatu: huyu anaiweza kazi yangu, amewahi kufanya nini kinachofanana nayo, na je, naweza kumwamini? Wasifu mzuri ni ule unaojibu maswali hayo mapema, katika nusu ya kwanza ya ukurasa wa kwanza.

Kuna mfano wa zamani ambao walimu wa ajira wanapenda kuutaja. Takriban mwaka 1482, Leonardo da Vinci aliandaa barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Leo dunia inamkumbuka kwa uchoraji, lakini katika barua ile uchoraji aliutaja mwishoni tu. Alianza na madaraja ya kubebeka, mizinga na mbinu za kuvunja ngome, kwa sababu alijua mtawala yule alikuwa na mawazo ya vita. Aliandika kwanza kile ambacho msomaji wake alikihitaji.

Kijana wako naye afanye hivyo. Asitume wasifu mmoja kila mahali. Achukue tangazo la kazi, apige mstari chini ya majukumu yaliyotajwa, kisha ajiulize ni lipi kati ya hayo amewahi kulifanya. Hilo ndilo liende juu. Kama tangazo linataka mtu wa kutunza stoo, mafunzo kwa vitendo aliyofanya kwenye ghala yaje kabla ya uongozi wake katika serikali ya wanafunzi.

Taarifa za mwanzo ziwe chache: jina kamili kama lilivyo kwenye vyeti, mahali anapoishi, namba ya simu inayopatikana na baruapepe yenye jina lake. Baruapepe aliyoifungua akiwa kidato cha pili kwa jina la utani aiache kwa marafiki.

Dini, kabila, uzito, jina la mume na idadi ya watoto havina kazi humo, ingawa wasifu nyingi za mitaani bado vinavibeba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na ulemavu, na inamlinda hata yule anayeomba kazi. Usimpe mtu sababu ya kumbagua mwanao wakati sheria haimruhusu kuitumia.

Kazi ambazo nyumbani haziitwi kazi

Hapa ndipo mzazi ana msaada ambao steshenari hawana. Kijana akifika sehemu ya uzoefu anaandika "sina". Wewe unayemjua unajua kwamba si kweli.

Chukua binti aliyekaa dukani kwa shangazi yake mwaka mzima. Kwake yeye ule ulikuwa msaada wa nyumbani. Akiulizwa alifanya nini, anajibu, "Nilikuwa nakaa dukani tu." Lakini nani alikuwa akipokea mzigo? Yeye. Nani aliandika daftari la madeni? Yeye. Nani alifunga hesabu usiku na kupeleka fedha kwa wakala? Yeye. Basi kwenye wasifu paandikwe hivi:

"Msimamizi wa duka la vyakula la familia, Januari hadi Desemba 2023. Nilipokea na kuhesabu bidhaa, nilitunza daftari la mauzo na madeni, na nilifunga hesabu kila siku."

Hakuna lililotiwa chumvi hapo. Kila neno ni kweli, na shangazi akipigiwa simu atathibitisha. Tofauti ni kwamba sasa kazi imetajwa kwa vitendo vyake, ikapewa mwanzo na mwisho.

Vivyo hivyo kwa mhazini wa kwaya, katibu wa kikoba, aliyefundisha tuisheni watoto wa mtaani, au aliyefanya kazi kwenye kibanda cha wakala wa fedha. Palipo na idadi ya kweli, iandikwe: wanachama wangapi, wanafunzi wangapi, miezi mingapi. Namba moja ya kweli ina uzito kuliko sifa kumi.

Na kwa yule aliyejifunza ufundi gereji au kwenye cherehani ya jirani bila kupita darasani, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi anapimwa kwa anachokijua na akifaulu anapewa cheti. Kijana mwenye miaka mingi mkononi na karatasi sifuri aanzie hapo.

Miaka iliyokaa kimya

Kina mama wengi na mabinti wengi wana pengo kwenye wasifu wao, na wanalionea aibu. Mmoja aliacha kazi kulea watoto. Mwingine alirudi kijijini kumuuguza mama yake miaka miwili, kwa sababu kaka zake "wana majukumu". Alipozikwa mama, kila mtu alirudi kwenye maisha yake, yeye akarudi mjini na miaka miwili isiyo na jina.

Wengi hujaribu kuliziba pengo hilo kwa kusogeza tarehe. Huo ni mtego, kwa sababu tarehe zinahojiwa. Njia bora ni mstari mmoja wa ukweli: "2021 hadi 2023: nilisimamisha kazi kumuuguza mzazi." Basi. Hakuna kusimulia ugonjwa wala kuomba huruma. Kama katika kipindi hicho alifuga kuku wa kuuza au alisoma kozi fupi, aliongeze hilo chini yake.

Na ninyi kaka mliobaki mjini mkilipwa mishahara wakati dada yenu anawauguzia mama, pengo lile kwenye karatasi yake ni lenu pia. Msimwambie "ulikuwa wapi muda wote?" Msaidieni nauli za kwenda kwenye usaili.

Uongo una gharama

Kishawishi ni kikubwa. Kuongeza mwaka mmoja wa uzoefu, kuandika "ninamudu kompyuta" wakati hajui hata kuhifadhi faili, kuandika lugha ambayo anajua salamu zake tu. Uongo mdogo hugundulika kwenye usaili, aibu ikaishia pale mezani. Mkubwa husubiri.

Tunakumbuka Aprili 2017, pale uhakiki wa vyeti ulipotaja watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa na miaka mingi kazini, wana nyumba na watoto shuleni. Mshahara uliokatika ulikuwa wa familia nzima, pamoja na wale ambao hawakujua chochote kuhusu cheti kile. Mzazi anayemwambia mwanawe "andika tu, nani atajua?" anamwekea mzigo ambao wajukuu wanaweza kuja kuulipa.

Jambo jingine linalofanana na uongo bila kuwa uongo ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina jina moja, cheti cha kidato cha nne kingine, kitambulisho cha NIDA cha tatu. Herufi moja tu inatosha kumchelewesha mwombaji. Kagueni mapema, na penye tofauti mfuate utaratibu wa kisheria wa kurekebisha kabla tangazo halijatoka. Siku tatu kabla ya mwisho wa maombi utakuwa umechelewa.

Wadhamini si mapambo

Mwishoni mwa wasifu huwekwa majina ya wadhamini. Vijana wengi huweka majina makubwa: mkuu wa idara asiyewakumbuka, au mheshimiwa waliyepiga naye picha mara moja. Simu inapigwa, mtu anajibu, "Huyo simfahamu vizuri." Maombi yanaishia hapo, na kijana hataambiwa kwa nini.

Mdhamini mzuri ni aliyemwona akifanya kazi: mwalimu aliyemsimamia, fundi aliyemfundisha, aliyempokea kwenye mafunzo kwa vitendo. Aombwe ruhusa kwanza, na kila kijana anapoomba kazi amjulishe ni kazi gani. Ni heshima, na pia inamsaidia mdhamini kujua la kusema.

Serikalini kuna utaratibu wake

Kwa ajira za umma zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, maombi hutumwa kwa mtandao kupitia Ajira Portal. Matangazo yake kwa kawaida hutaka wasifu wenye anwani, simu na wadhamini watatu wa kuaminika, barua ya maombi iliyosainiwa, cheti cha kuzaliwa na vyeti vyenyewe vya masomo. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki badala ya cheti, na aliyesoma nje ya nchi anatakiwa vyeti vyake viwe vimetambuliwa na mamlaka husika. Wengi huanguka hapa kabla hata hawajaitwa kwenye mchujo. Kijana asome tangazo mpaka mstari wa mwisho, aweke alama kwenye kila kinachotakiwa.

Barua huweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, pale tangazo linaporuhusu. Kiswahili fasaha ni bora kuliko Kiingereza cha kunakili. Na yeyote anayedai fedha ili "jina lipite", mkimbieni.

Mjomba mwenye cheo

Kila ukoo una mjomba anayefanya kazi mahali, na kila kijana ameshaambiwa "mpelekee mjomba wako karatasi". Si vibaya kumwendea. Lakini kuna tofauti kati ya kumwomba kazi na kumwomba maarifa. Muombe akusomee wasifu wako. Muulize ofisi yao inathamini nini, na nafasi hutangazwa wapi. Hayo anaweza kukupa bila kuvunja taratibu za kazi yake. Anayelazimishwa kukuingiza kwa mlango wa nyuma ataanza kutopokea simu, na undugu utaingia baridi.

Kaeni jioni moja

Ninachokuomba, mzazi au kaka au dada mkubwa, ni jioni moja tu. Zimeni runinga. Kijana achukue daftari, nawe umuulize mwaka kwa mwaka tangu alipomaliza shule: ulikuwa wapi, ulifanya nini, nani alikuona, ulikabidhiwa nini? Usimkatize wala usimlinganishe na mtoto wa jirani. Andikeni yote, hata yanayoonekana madogo. Kesho yake achague yanayohusu kazi anayoiomba, ayapange kuanzia la karibuni kwenda nyuma, yasizidi kurasa mbili. Kisha mpe mtu mwingine asome kutafuta makosa ya herufi. Ndipo aende steshenari, lakini sasa anakwenda kuchapa maneno yake mwenyewe.

Huenda kazi isipatikane mwezi huu. Lakini kijana aliyekaa nyumbani miaka miwili akiambiwa hafanyi lolote huanza kuliamini neno hilo, na ukimwita kwenye usaili linamtoka machoni kabla hajafungua mdomo. Akiona maisha yake yameandikwa kwa tarehe na vitendo, tena kwa kuulizwa na mtu wa nyumbani kwake, atakaa kwenye kile kiti akijua ana la kueleza.